Vidonge vya Waridi: Historia ya Dawa za Kuongeza Damu kwa Wanawake

Kila lugha ina maneno yake ya kusemea uchovu wa mwanamke. Katika Kiswahili twasema damu imepungua, mwili umelegea, macho yamekuwa meupe, nguvu zimekwisha. Maneno hayo hayasemwi na waganga peke yao. Husemwa kisimani, sokoni, na katika mabenchi ya zahanati. Na popote penye maneno ya namna hiyo hakosi kutokea mfanyabiashara mwenye chupa au kopo mkononi, naye hudai kwamba jibu limo humo.

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya biashara hiyo ilivyokuwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, tangu karne ya 19 hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Tumezichagua nchi hizo kwa sababu huko biashara hiyo ilikua ikawa kubwa kabisa, na huko ndiko ilikopimwa katika maabara, ikajadiliwa bungeni na kuhukumiwa mahakamani, hata leo twaweza kuifuata hatua kwa hatua. Aidha, kwetu sisi walimu wa lugha, hii ni historia ya maneno kama ilivyo historia ya dawa. Tutaona kwamba dawa zenyewe hazikuwa uwongo mtupu. Baadhi yake zilikuwa na kitu cha kweli ndani, na uwongo uliojengwa juu ya msingi wa kweli ndio ulio mgumu kuutambua.

Jina la ugonjwa

Mwaka 1554 daktari mmoja Mjerumani, Johannes Lange, alichapisha barua aliyomwandikia rafiki yake aliyekuwa na wasiwasi juu ya binti yake. Wachumba walikuwapo, lakini uso wa binti ulikuwa umefifia kama usio na damu. Moyo ulimdunda akipanda ngazi au akicheza dansi. Alichukia chakula, hasa nyama. Na jioni miguu ilimvimba vifundoni. Mwuguzi yeyote wa leo akizisoma dalili hizo atafikiri kwanza upungufu wa damu. Lange aliuita ugonjwa huo maradhi ya wanawali, na dawa aliyoitoa ni kwamba binti aolewe.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Jean Varandal, mwalimu wa udaktari mjini Montpellier, Ufaransa, aliupa jina la klorosi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi iliyo kati ya kijani na manjano. Waingereza wa kawaida wakauita ugonjwa wa kijani. Yafaa msomaji wa Kiswahili asimame hapa kidogo. Sisi tunalo neno safura, lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni manjano. Majina yote mawili yamezaliwa na jicho lililoitazama ngozi ya mgonjwa. Hakuna hata moja linalosema ugonjwa ulitoka wapi. Tutalirudia neno hilo mwishoni.

Kwa muda wa karne tatu madaktari walibishana juu ya chanzo chake. Wengine walilaumu mapenzi, wengine uvivu, na wengine nguo za kubana kiuno zilizovaliwa na wanawake wa karne ya 19. Wachache waliuliza msichana huyo alikula nini, alipoteza damu kiasi gani kila mwezi, na alifanya kazi saa ngapi kwa siku. Ilhali waliougua hawakuwa mabinti wa matajiri tu. Walikuwamo watumishi wa nyumbani, washonaji na wasichana wa viwandani.

Chuma

Dawa ya kweli ilijulikana kabla ya sababu kujulikana. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliwapa wagonjwa wa namna hiyo unga wa chuma uliolowekwa katika mvinyo. Mwaka 1832 Pierre Blaud, daktari wa mji mdogo wa Beaucaire kusini mwa Ufaransa, alitangaza vidonge alivyovitengeneza kwa salfeti ya chuma na kaboneti ya potasi. Hakuificha kanuni yake. Aliiandika wazi, na wauza dawa wa nchi nyingi wakavitengeneza vidonge vya Blaud katika maduka yao wenyewe.

Leo twajua kwa nini vilifaa. Wekundu wa damu watokana na himoglobini, ambayo huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Na himoglobini haiwezi kuundwa pasipo chuma. Mwanamke hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi, humgawia mtoto aliye tumboni, na hukipoteza tena anapojifungua. Asipokirudisha kwa chakula, damu yake hufifia, naye huchoka kwa kazi ambayo zamani hakuihisi.

Hata hivyo, wataalamu wengi wa karne ya 19 walikuwa na shaka kama chuma cha kumeza chaweza kuingia katika damu. Ralph Stockman wa Edinburgh, Uskochi, aliiondoa shaka hiyo mwaka 1893. Aliwapa wasichana wagonjwa chuma, wengine kwa kumeza na wengine kwa sindano chini ya ngozi, akaona damu ikirejea. Miaka miwili baadaye alieleza jinsi alivyokipima chakula cha wagonjwa wa namna hiyo, akakuta chuma kilichomo ni kidogo mno. Maneno yote yaliyosemwa juu ya mapenzi na uvivu yakaanza kupoteza nguvu. Msichana alikuwa hapati chuma cha kutosha, na hilo laweza kupimwa.

Vidonge vya Brockville

Kanuni ya Blaud ilikuwa imekwisha kuwa wazi kwa watu wote kwa muda wa miaka karibu 60 wakati mfanyabiashara mmoja wa Kanada, George Taylor Fulford, alipofanya ununuzi mdogo. Mwezi wa Juni 1890, katika mji wa Brockville, jimbo la Ontario, alinunua kwa dola 53 na senti 1 haki ya vidonge vya daktari aitwaye William Jackson. Vikauzwa kwa jina la Dr. Williams' Pink Pills for Pale People, yaani vidonge vya rangi ya waridi kwa watu waliofifia.

Mwalimu wa ushairi ataona mara moja ufundi wa jina hilo. Maneno manne ndani yake yaanza kwa sauti p, kama methali zetu zinavyorudia sauti ili zikae kichwani. Rangi ya kidonge yenyewe imefanywa kuwa hoja: aliyefifia na ameze waridi, na uso wake utapata rangi. Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa watapendezwa kusikia kwamba huko Ufaransa viliitwa Pilules Pink. Neno la Kiingereza liliachwa bila kutafsiriwa, likabaki jina tupu lenye sauti nzuri.

Ustadi mkubwa wa Fulford ulikuwa katika kutangaza. Matangazo yake yalichapishwa magazetini yakiwa na sura ya habari: palikuwa na kichwa cha habari, jina la mji, mgonjwa aliyekata tamaa, na madaktari walioshindwa, jina la kidonge lilikuja nyuma, msomaji alipokuwa amekwisha kunaswa na kisa. Kisa kimoja mashuhuri kilimhusu mtu wa Hamilton, Ontario, aliyesemekana kupona ugonjwa wa kupooza mwaka 1891. Mwanamke aliyeona uchovu wake umeelezwa sawasawa katika aya ya kwanza alikuwa tayari kuamini habari ya kupooza katika aya ya pili.

Kisanduku kiliuzwa kwa senti 50. Fulford akatajirika, mwaka 1900 akaingia katika Baraza la Seneti la Kanada, na jumba alilolijenga Brockville lasimama hadi leo, limekuwa nyumba ya makumbusho. Alifariki mwaka 1905 kwa ajali ya motokaa.

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari wa Uingereza kilichapisha kitabu kiitwacho Secret Remedies, yaani dawa za siri, ambamo dawa nyingi za madukani zilipimwa na yaliyomo kutangazwa. Ndani ya kidonge cha waridi wapimaji walikuta salfeti ya chuma, kaboneti ya potasi, magnesia kidogo, unga wa mzizi mtamu, na sukari. Hiyo ndiyo kanuni ya Blaud, imevikwa nguo mpya. Vidonge 30 viliuzwa Uingereza kwa shilingi 2 na peni 9, yaani peni 33. Vitu vilivyotumika kuvitengeneza vilikadiriwa kugharimu sehemu moja ya kumi ya peni. Bei, basi, ilikuwa mara 330 ya thamani ya vilivyomo. Zaidi ya hayo, sehemu ya chuma hicho ilikuwa imekwisha kuharibika kwa kuingiliwa na hewa.

Hapa ndipo penye ugumu. Mwanamke aliyepungukiwa na chuma, akameza vidonge hivyo kwa muda wa kutosha, huenda alipona kweli. Barua yake ya shukrani haikuwa ya uwongo. Lakini barua kama hiyo ilisaidia kumuuzia vidonge mwenye kupooza na mwenye baridi yabisi, ambao chuma hakikuweza kuwafaa. Naye mwenyewe hakuambiwa kwamba angeweza kupata dawa ileile kwa bei ndogo kwa kulitaja tu jina la Blaud mbele ya mwuza dawa. Alipewa afya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanyimwa maarifa.

Chupa ya Bibi Pinkham

Wakati huohuo nchini Marekani palikuwa na dawa nyingine iliyopendwa na wanawake kupita kiasi, nayo haikuwa na asili moja na vidonge vya waridi. Lydia Estes Pinkham alizaliwa mwaka 1819 katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mwanamke wa msimamo: alipinga utumwa, na aliunga mkono harakati za kupinga ulevi. Jikoni kwake alizoea kuchemsha mitishamba na kuwagawia majirani bila malipo. Mume wake alipofilisika katika msukosuko wa uchumi wa mwaka 1873, familia iliigeuza dawa hiyo kuwa biashara, ikaanza kuiuza mwaka 1875 kwa dola moja kila chupa.

Ndani ya chupa mlikuwa na mizizi ya mimea ya Amerika iliyotumiwa kwa maradhi ya wanawake, pamoja na uwatu, ambao wapishi wa Pwani ya Afrika Mashariki waujua vizuri. Mlikuwamo pia kileo, karibu asilimia 18, kilichoelezwa kuwa ni cha kuhifadhi mitishamba isiharibike. Twaona kinyume kilichoje: mama aliyeupinga ulevi aliwauzia wanawake wenzake kinywaji kikali kuliko mvinyo wa kawaida. Mwanamke aliyechoka alipokunywa kijiko baada ya kijiko alihisi nafuu kwa saa moja au mbili, na nafuu hiyo aliihesabu kuwa ni uponyaji. Wala mitishamba hiyo haikuwa dawa ya kumrudishia chuma mwenye upungufu wa damu.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumcheka mwanamke aliyeinunua. Hatuna budi kukumbuka alikuwa akikimbia nini. Madaktari wengi wa wakati ule waliwapa wagonjwa zebaki. Na tangu mwaka 1872 baadhi ya wapasuaji walianza kuwatoa wanawake vifuko vya mayai kwa ajili ya maumivu na hata kwa ajili ya hasira, na wengi walikufa kwa upasuaji huo. Zaidi ya hayo, mwanamke aliona haya kumweleza daktari mwanamume habari za hedhi yake. Waswahili husema, mficha uchi hazai. Lakini yafaa tuulize pia ni nani aliyemfanya mwanamke auogope mlango wa daktari.

Bibi Pinkham aliufungua mlango mwingine. Tangu mwaka 1879 picha ya uso wake, uso wa bibi mtulivu mwenye nywele nadhifu, ilitokea katika magazeti kila mahali. Wanawake walialikwa kumwandikia barua za siri, nao waliandika kwa maelfu. Walijibiwa kwa upole, wakafundishwa juu ya usafi, chakula na mazoezi, na juu ya mwili wao wenyewe, mambo ambayo wengi hawakuyapata mahali pengine. Kisha wakaambiwa waendelee kunywa dawa.

Bibi Pinkham alifariki mwaka 1883. Matangazo, lakini, yaliendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bibi Pinkham. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal, chini ya mhariri wake Edward Bok, lilichapisha picha ya jiwe la kaburi lake. Wasomaji wakaona wazi kwamba wanawake waliozifungua siri zao kwa mama mwenye huruma walikuwa wakiandikia ofisi. Picha hiyo moja haikuhitaji maelezo mengi.

Siri yafichuliwa

Dawa za aina hii huitwa kwa Kiingereza dawa za patenti. Jina hilo lapotosha. Mwenye kupata patenti, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, sharti aueleze uvumbuzi wake hadharani, na baada ya muda fulani kila mtu huwa na ruhusa ya kuutumia. Wauzaji wengi wa dawa hizo hawakutaka jambo hilo hata kidogo. Walisajili jina na alama, nao wakaificha kanuni. Kwa hiyo jina la dawa za siri ndilo la haki zaidi. Huko Uingereza kila kopo lilibandikwa stempu ya kodi ya serikali, desturi iliyoanza mwaka 1783. Wanunuzi wengi waliidhania stempu hiyo kuwa ni cheti cha ubora, na wauzaji hawakuona haraka ya kuwasahihisha.

Waweza kuuliza: magazeti yalikuwa wapi? Magazeti yaliishi kwa fedha za matangazo hayohayo. Mwaka 1905 jarida la Marekani liitwalo Collier's lilianza kuchapisha mfululizo wa makala za Samuel Hopkins Adams juu ya ulaghai wa dawa za siri. Mwaka huohuo jarida hilo lilifichua kwamba mikataba ya matangazo ilikuwa na sharti maalumu: ikiwa jimbo litapitisha sheria ya kuzidhibiti dawa hizo, mkataba utavunjika. Mwenye gazeti alifanywa mlinzi wa siri pasipo kuambiwa kwamba amekuwa mlinzi; kila mswada ulipofika bungeni, aliuona kuwa ni tishio kwa mkate wake.

Tarehe 30 Juni 1906 Marekani ilipata sheria yake ya kwanza ya nchi nzima kuhusu usafi wa vyakula na dawa. Sheria hiyo haikuzifuta dawa za siri. Iliagiza tu kwamba kileo, afyuni, kokeni na vitu vingine vichache vya hatari, vikiwamo, vitajwe pamoja na kiasi chake katika karatasi ya chupa, na kwamba karatasi hiyo isiseme uwongo juu ya yaliyomo. Hata hivyo, lilikuwa badiliko kubwa. Mke wa nyumbani aliyekuwa ameapa kutogusa pombe aliweza sasa kusoma kwa macho yake kwamba kijiko chake cha asubuhi kilikuwa na kileo. Mwaka 1912 nyongeza ya sheria ilikataza pia madai ya uwongo ya uponyaji yanayotolewa kwa nia ya kudanganya. Nia hiyo ilikuwa vigumu kuithibitisha mahakamani. Uingereza ilichelewa zaidi. Kamati ya bunge ilitoa taarifa ndefu mwezi wa Agosti 1914, vita vikuu vikaanza wiki hizohizo, na taarifa ikawekwa kando. Ni sheria ya mwaka 1941 iliyowalazimisha wauzaji wa Uingereza kutaja viungo vya dawa zao.

Mtu aliyeuliza

Kati ya habari hizi za wauzaji yafaa tuweke habari ya mtu wa namna nyingine. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay, India, kuchunguza upungufu mkali wa damu uliowapata wanawake wajawazito, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Upungufu huo haukuwa ule wa kukosa chuma. Wills hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Alichunguza vyakula na hali za maisha za wanawake hao, akawalinganisha maskini na matajiri, akaona kwamba tatizo laelekea kuwa katika chakula. Baada ya majaribio mengi alitangaza mwaka 1931 kwamba wagonjwa wake walipona kwa kula Marmite, kitu cheusi cha chumvichumvi kitokanacho na hamira, ambacho Waingereza hupaka juu ya mkate. Katika miaka ya 1940 kitu kilichokuwa kikiponya ndani yake kilipata jina, nacho ni asidi ya foliki.

Marmite nayo ilikuwa bidhaa ya dukani yenye jina la kibiashara, kama vidonge vya waridi. Tofauti haikuwa katika kopo. Wills alitaka kujua ni nini kimo, chamfaa nani, na kwa nini. Tena alipopata jibu alilichapisha ili watu wote walitumie. Leo katika kliniki za nchi zetu mama mjamzito hupewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Katika kidonge hicho kimoja wamo Blaud na Stockman, na yumo pia Lucy Wills pamoja na wanawake wa Bombay.

Damu iliyochoka

Mtu angedhani kwamba baada ya sheria na sayansi hiyo yote biashara ya zamani ilikwisha. Haikwisha, ilibadili lugha. Mwaka 1950 ilianza kuuzwa Marekani dawa ya maji iitwayo Geritol, yenye chuma, vitamini na kileo cha asilimia 12 hivi. Viungo vyake vilitajwa, kama sheria ilivyotaka. Uwongo haukuweza tena kukaa ndani ya chupa, basi ukahamia katika tangazo. Watangazaji walibuni msemo kwamba uchovu hutokana na damu iliyochoka. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani, na katika miaka ya 1950 Geritol ilidhamini mchezo wa maswali uliopendwa sana, ambao baadaye uligunduliwa kuwa washiriki walikuwa wakipewa majibu mapema.

Msemo wa damu iliyochoka wastahili kuchambuliwa darasani. Hautaji ugonjwa wowote, kwa hiyo hauwezi kupimwa. Hata hivyo wasikika kama elimu, na kila mtu aliyepata kuchoka hujiona yumo ndani yake. Nani hajachoka? Mama anayeamka alfajiri, akalisha watoto, akalima, akateka maji, akapika na kulala usiku wa manane amechoka kwa sababu amefanya kazi ya watu watatu. Hakuna chupa iwezayo kumpunguzia kazi hiyo.

Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilitoa amri dhidi ya matangazo hayo mwaka 1965, na mwaka 1967 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Muuzaji alitakiwa aseme wazi kwamba watu wengi wenye uchovu hawana upungufu wa chuma, na kwamba kwao dawa hiyo haina faida. Palikuwa na hoja nyingine, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mtu mzima anayepungukiwa na chuma mara nyingi anavuja damu mahali fulani: huenda ni kidonda cha tumbo, huenda ni uvimbe katika mji wa mimba, huenda ni saratani ya utumbo. Akinywa chuma kila siku bila kupimwa, damu yaweza kuongezeka kidogo, uchovu ukapungua, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kukua kwa siri. Hivyo hata dawa ya kweli, ikitolewa bila swali, yaweza kumwua mtu ikimfariji.

Safura na somo letu

Sasa na tulirudie neno letu la safura. Wazee waliolitumia waliona mtu aliyefifia, aliyevimba, mlegevu, asiyeweza kazi. Hawakukosea katika kuona. Lakini nyuma ya rangi hiyo palikuwa na mnyoo mdogo uliogunduliwa Milano, Italia, na Angelo Dubini mwaka 1838. Mnyoo huo hujishikiza katika utumbo na kunyonya damu. Na mwaka 1898 Arthur Looss, akifanya kazi Kairo, alianza kutambua kwamba watoto wa mnyoo huo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mtu. Tangu hapo maana ya safura ilipanuka: kutoka rangi ya mgonjwa hadi jina la mnyoo wenyewe. Neno lililotaja dalili likajifunza kutaja chanzo, na pamoja na chanzo zikaja njia za kuzuia: choo, viatu, na dawa ya minyoo. Mwenye safura akinywa chuma peke yake ni kama achotaye maji kwa mtungi uliotoboka.

Jambo hili si la kale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wanawake kama 30 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Miongoni mwa wajawazito walikuwa karibu 37 katika kila 100. Kwa wengi wao kidonge cha kliniki ni cha lazima, na kumvunja moyo mama asikimeze ni kosa kubwa. Lakini katika lugha yetu maneno dawa ya kuongeza damu hutumika kwa kidonge hicho, kwa chupa yoyote yenye maji mekundu, na kwa juisi yoyote ya rangi ya damu. Wekundu wafanya kazi ileile iliyofanywa na waridi huko Brockville. Twaambiana kwamba chekundu huzaa chekundu, hali maharage, dagaa, maini na mboga za majani, ambavyo havina rangi ya damu iliyo hai, vina msaada mkubwa zaidi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wamesema wahenga. Historia hii yatuonyesha kwamba hata kizuri chaweza kutembezwa vibaya, na kwamba mtu hulindwa kwa kuzoea kuuliza. Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wenzetu somo moja jepesi. Wanafunzi walete darasani karatasi za chupa na makopo ya dawa za nguvu na za damu zilizokwisha kutumika nyumbani. Wasome kila neno, kisha wajibu maswali manne: Ni nini kimo, na kwa kiasi gani? Ni ugonjwa gani unaotajwa kwa jina, na ni upi unaodokezwa tu? Nani anasema kwamba yafaa, naye anapata faida gani? Na la mwisho, ambalo Lange hakuliuliza, Fulford hakutaka liulizwe, na Lucy Wills alilianzia: kama damu ya mama huyu imepungua, imekwenda wapi?

Msichana atakayejifunza kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili fasaha, mbele ya mwuza duka na mbele ya daktari vilevile, atakuwa amepata katika somo la lugha kitu cha kumlinda yeye na watoto wake. Ni matumaini yetu kwamba wenzetu watalijaribu somo hilo, na kwamba watatuandikia watakayoyaona.